Kanda ya Hasira

Asubuhi ile niliamka, nikavaa viatu, nikatoka. Ningependa kusema nilikuwa na mpango, lakini sikuwa nao. Mjomba alikuwa amechutama mbele ya nyumba yake pale Likoni, baiskeli ya mtu imepinduliwa magurudumu juu, naye anaupapasa mnyororo kwa vidole kama daktari anayetafuta mshipa. Aliuona mfuko wangu begani.

"Waenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Kwa nani?"

"Sijui bado."

Hakuinua kichwa. "Ukifika kwa huyo usiyemjua, nisalimie."

Nilipokuwa nimeshapiga hatua chache akaniita. Safari hii aliinuka, akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Jua likitua utakuwa hapa," alisema, bila ukali, kama mtu anayesoma saa ukutani. "Nami sina neno. Lakini ukirudi leo, mwanangu, basi tumemaliza. Spana utaishika, na habari za kuondoka sitaki kuzisikia tena."

Nikakubali. Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kueleweka: nipate pa kulala kisiwani kabla ya jua kutua, au niwe fundi wa baiskeli maisha yangu yote. Si kwamba nilizichukia baiskeli. Nilikuwa nimezifungua na kuzifunga mpaka nikazijua, na kitu nikishakijua chote hunitoka moyoni. Shule niliiacha kwa sababu hiyo hiyo, ingawa walimu walikuwa na maelezo yao.

Ndani ya mfuko mlikuwa na shati, kikoi, mswaki na kanda moja ya kaseti. Kanda hiyo ndiyo niliyoitegemea.

Niliipata katika hoteli ya watalii kule kusini, nilikoosha vyombo kwa msimu mmoja, katikati ya miaka ya tisini. Alikuja kijana wa Kizungu, nywele zimesimama katikati ya kichwa kama kilemba cha jogoo, rangi ya kijani, na sikioni amejichoma pini, ile ya kufungia nepi ya mtoto. Mpishi mkuu alimhurumia sana. Alidhani ni ugonjwa, akawa anamwongezea supu. Kijana yule alikuwa akija nyuma ya jikoni kuvuta sigara nasi kwa sababu, alisema, hawezi kuwavumilia watu wa kule mbele. Watu wa kule mbele walikuwa baba yake na mama yake, ambao ndio waliomlipia safari.

Kwa mikono yake na Kiingereza changu cha darasa la saba alinieleza habari za panki. Sisi panki tuliijua kama mkato wa nywele. Kumbe ni muziki, panki roki, na muziki wenyewe, alisema, uliangusha ukuta. Hakuniambia ukuta gani. Alisema ni hasira tupu, hasira ya kweli, na kwamba mtu akishausikiza huwezi tena kumrudisha alikokuwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniingia. Nani asiyetaka kusikia kitu ambacho hakimruhusu kurudi alikokuwa? Siku ya kuondoka alinipa kanda ile mkononi, huku macho yake yamelowa. Mimi nilikuwa nimetarajia shati.

Tatizo ni kwamba sikuwa na pa kuichezea. Redio ya mjomba ilikuwa na mdomo wa kaseti, lakini mdomo huo ulikuwa wa kulia, si wa kuimbia. Ulikwishazitafuna kanda za mawaidha za mke wa mjomba, na hakuna tena aliyethubutu kuulisha. Kwa hiyo kwa miezi mingi niliusikiza muziki ule kwa macho. Kwenye jalada palikuwa na vijana wanne wembamba wamesimama kando ya ukuta, kama watu waliokamatwa wakikojoa. Niliwatazama mpaka nikawazoea. Kila mteja alipomgombeza mjomba mbele yangu, kila mnyororo uliponikata kidole, nilijiambia: ngoja, hawa wana la kusema. Nilishaamini kwamba siku nitakayoisikia kanda ile nitajua pa kwenda. Mtu anayefikiri hivyo juu ya kitu ambacho hajakisikia anahitaji kuangaliwa, lakini hakuna aliyekuwa akiniangalia.

Nikavuka. Pale Feri umati ulishuka ukapanda mlima kama maji yanayokwenda kinyume, kila mtu na haraka yake. Mimi sikuwa na haraka, nikaifuata njia yenye watu wachache zaidi, na njia yenye watu wachache zaidi ikanifikisha Kizingo. Huko kimya ni kingi hata viatu vyangu vilinitia haya. Nyumba zimejificha nyuma ya miti, magari yanaingia na kutoka, na atembeaye kwa miguu ni ama mtumishi ama mwenye shida. Kwenye geti moja palikuwa na mlinzi mtu mzima, mtu wa kwetu pwani kwa lafudhi yake, ameweka redio ndogo sikioni.

"Mzee, hiyo yacheza kaseti?"

Akaigeuza redio huku na huku, kana kwamba pengine kaseti ingepatikana upande asioujua. "Hii yashika habari tu," akasema. "Na habari zenyewe za jana."

"Na pa kulala mtu hapa hapapatikani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nalipwa ili watu wasilale hapa," akasema.

Nikaenda Mwembe Tayari, ambako mabasi ya bara yanajaza na kumwaga watu, na ambako nilijua muziki haukosekani. Palikuwa na kibanda cha kuuza kaseti kina spika kubwa kama kabati. Mwenye kibanda alikuwa anatingisha kichwa kwa wimbo ambao kwa sauti ile hakuna awezaye kujua ni upi. Nikamwonyesha kanda yangu.

"Ni panki," nikapaza sauti.

"Kinyozi yuko pale," akanyoosha kidole.

"Ni muziki! Niwekee nisikie kidogo!"

Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama picha ya wale vijana, akanirudishia upesi. "Kanda ya mtu haiingii kwenye mashine yangu, ndugu yangu. Kanda ya mtu ni kama mswaki."

Nikajaribu gesti mojawapo ya karibu na stendi. Karani alikuwa nyuma ya waya kama kuku anayeuzwa. Akaniuliza basi langu linaondoka saa ngapi. Nikamwambia sina basi. Akaniuliza basi nimeshuka na lipi. Nikamwambia nimetoka Likoni kwa miguu.

"Sasa wewe hujatoka popote wala huendi popote," akasema kwa masikitiko. "Hapa twalaza wasafiri."

Bei aliyoitaja baadaye, kwa heshima tu, ilinifanya nimuage kwa heshima pia.

Adhuhuri ilikuwa imepita, na vivuli vimeanza kurefuka. Nikashuka kuelekea Mji wa Kale. Naona ajabu kusema, mtu niliyekulia ng'ambo ya pili ya maji, lakini sikuwahi kuingia ndani ya vichochoro vile. Nilijua kingo zake, kama mtu anavyoijua nyumba ambayo hupita barazani kwake kila siku. Ndani, njia zilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima waamkiane, na harufu ya mafuta ya bajia ikanishika mkono ikaniongoza.

Mwenye bajia alikuwa bibi mmoja wa makamo, amejitanda leso, karai mbele yake juu ya jiko la makaa, mlangoni mwa nyumba yake. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, maana salamu kule hazifupishwi: mimi sijambo, nyumbani hawajambo, tulikotoka hakujambo. Nikanunua bajia, nikakaa kwenye kibaraza chake cha mawe kula.

Juu, kwenye dirisha la nyumba ya mkabala, palikuwa panatoka taarabu. Fidla zilishuka taratibu, na sauti ya mwanamke tamu kama halua ikawa inaimba juu ya mtu aliyelishwa kwa mkono na kisha akaupa mkono ule mgongo. Nikatingisha kichwa kwa raha.

"Usitingishe kichwa," bibi akaniambia. "Hiyo ni yangu."

"Kanda ni yako, Bi?"

"Kanda ni yake. Maneno ndiyo yangu. Ni mimi atiwaye humo." Akaigeuza bajia kama anayemgeuza mtu. "Tangu mwezi uliopita, kila nikiwasha jiko, yeye awasha redio. Nami nimemjibu, wallahi nimemjibu. Nimemtupia zote nilizo nazo. Ya mnafiki nimemtupia. Ya hasidi nimemtupia. Sasa zimenishia, na zile zile hazirudiwi, mtu atakucheka."

Niliishi kwa watu wa pwani maisha yangu yote na nilijua kwamba nyimbo huwa na mafumbo. Lakini sikujua kwamba watu wawili wanaweza kupigana vita kamili kwa madirisha, bila neno moja kutoka vinywani mwao. Nikamuuliza amekosana naye nini. Udadisi wangu haujawahi kuwa na adabu.

"Yule ni shoga yangu tangu tuko chuoni twasoma juzuu," akasema. "Aliniletea bakuli la tambi. Bakuli likarudi kwake tupu."

Akachochea makaa ili uzito wa jambo uniingie. Ukaniingia. Hata kwetu Likoni chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa watia ndimu, watia sukari gao moja la kiganja, watia hata chumvi.

"Mimi nilikuwa na homa, kichwa sikijui miguu siijui. Mpwa wangu ndiye aliyerudisha, na wa siku hizi hawajui kitu."

"Si umwambie tu, Bi, kwamba ulikuwa waumwa?"

Akanitazama kwa namna ambayo mjomba hutazama gurudumu lililopinda. "Nimwambie! Yeye aulize! Shoga yako akirudisha bakuli tupu, wauliza, 'shoga, waumwa?' Huweki redio dirishani."

Ndipo macho yake yakaangukia kanda, ambayo nilikuwa nimeitoa mfukoni ili mafuta ya bajia yasiipate.

"Na hiyo ni nini?"

"Muziki wa Ulaya, Bi."

"Wa mapenzi?"

"La. Wa hasira."

Kijiko chake cha matundu kikasimama hewani, kinadondosha mafuta. "Hasira ya nani kwa nani?"

"Kwa watu wote, alivyonambia aliyenipa."

"Kwa wote," akarudia polepole. "Nami nataka ya mtu mmoja tu. Basi itatosha na kubaki."

Akaniuliza kama ni ya matusi ya nguoni. Nikamwambia kwa kweli sijui, sijawahi kuisikia, na kwamba nimezunguka nayo kutwa natafuta mashine. Hilo halikumshtua hata kidogo. Ndani hakunikaribisha, maana mwanamume asiyejulikana haingii kwenye nyumba ya mjane, lakini alitoa redio yake nje, redio kubwa ya spika mbili, waya wake mrefu unaburura nyuma kama mkia. Akaiweka kizingitini, akaielekeza dirisha la juu kama mtu anayelenga mzinga. Akaipuliza vumbi. "Bismillahi," akasema kwa mazoea, kisha akasita. "Au hii haisomewi?"

Akabonyeza.

Kwanza palikuwa na mvumo mtupu. Nikafumba macho. Mtu akahesabu upesi upesi kwa Kiingereza, moja mpaka nne, kama mwenye basi linalomwacha. Halafu ikaja.

Namna ya kuieleza ni hii. Uchukue mafundi bati wote wa Mwembe Tayari, wale wanaotengeneza majiko na masanduku, uwaambie wagonge kwa pamoja bila kusikizana. Halafu utafute mtu aliyejigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, umpe kipaza sauti kabla maumivu hayajapoa. Ikaenda hivyo, na kabla sijakaa sawa kuisikiza, ikakatika.

Nikafumbua macho. Nilidhani walikuwa wanajaribu vyombo.

"Washaanza?" bibi akauliza.

"Nafikiri ule ulikuwa wimbo mmoja."

"Wote?"

Mwingine ukaanza: moja mpaka nne, mafundi bati, kidole cha mguu.

"Si ule ule huo?"

"Huu ni mwingine, Bi."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa hapa."

Akainama akaitazama redio kwa karibu, kama vile imeingiwa na kitu. Bajia alikuwa amezisahau. "Yuwasema nini?"

Nikatega sikio kwa nguvu zangu zote. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu vya shule, cha watu wanaokwenda sokoni na kuulizana habari za ng'ombe. Katika zogo lile nilidaka maneno machache tu.

"Asema hataki."

"Hataki nini?"

"Hataki tu."

"Kazi?"

"Hataki."

"Chakula hataki?"

"Sijasikia chakula. Lakini nafikiri hataki."

"Na asiyetaka mbona apiga kelele? Si anyamaze, ataachwa!" Akapiga kofi. "Na mamake yuko wapi huyu?"

Nikamkumbuka yule mama wa Kizungu kule mbele ya hoteli, amelala juani na kofia yake kubwa, akimwagizia mwanawe maji ya matunda.

Niliisikiza kanda ile kwa uaminifu. Nataka ijulikane hivyo. Baada ya kila wimbo niliuambia moyo wangu kwamba unaofuata ndio wenyewe. Nikangoja ukuta uanguke. Nikangoja kile kitu ambacho hakingeniruhusu kurudi nilikokuwa. Kilichokuja ni moja mpaka nne, tena na tena, na yule kijana ambaye kila nilipozidi kumsikiza nilizidi kumwona amesimama nje ya mlango wa chumba chake mwenyewe, amesahau ufunguo ndani, anaupiga mlango mateke. Hasira ilikuwa ya kweli, sibishi. Lakini haikuwa na anwani. Ilikuwa kama mtu anayemwaga ndoo ya maji barabarani akitumaini kwamba adui yake, popote alipo, atalowa.

Na kule juu dirishani, katikati ya fidla, mwanamke mmoja kwa sauti ya upole alikuwa amemchoma jirani yake kwa mwezi mzima, mahali pale pale penye jeraha, bila kumtaja jina. Hiyo ndiyo hasira. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni kupitia kuta za watu, nikadhani ni burudani ya akina mama.

Hapo ndipo niliposikitika hasa. Nilikuwa nimeibeba kanda miezi yote ile kama hirizi, na sasa sikujua pa kwenda zaidi ya nilivyojua asubuhi. Jua lilikuwa limeshaacha kichochoro, limebaki kwenye kuta za juu tu.

Mtaani, mambo yalikuwa yamechangamka. Paka aliyekuwa akilala juu ya gunia la makaa hakuonekana tena. Mwuza kahawa alipita na birika lake, akaacha kugonganisha vikombe, maana hakuna aliyeweza kuvisikia. Mzee mmoja wa kanzu akatoka kwenye nyumba ile ya mkabala, amekunja mikono ya kanzu kwa ajili ya kutawadha. Alikuwa mume wa yule shoga.

"Bi," akaita, "hii mashine ya kusaga umeinunua lini? Watu tutaleta mahindi?"

"Ni muziki!" bibi akamjibu.

"Muziki wapi, nami nasikia mawe ndani ya unga!"

Akaenda zake akitikisa kichwa. Kule juu, taarabu ikapunguzwa. Kisha ikazimwa kabisa.

"Kanyamaza!" Bibi akanishika bega, macho yanang'aa. "Umeona? Kanyamaza! Ongeza sauti!"

Nikaongeza. Dirisha likafungwa. Tukasikia miguu inashuka ngazi za mbao, upesi upesi. Bibi akasimama, akajifunga leso kiunoni vizuri, akajipanga usoni. Mlango wa mkabala ukafunguliwa na yule shoga akatoka, mwanamke mnene mwenye buibui lililovaliwa upande kwa haraka, pumzi juu. Akavuka kichochoro, ambacho ni hatua chache tu, na ambacho hakuwa amekivuka tangu siku ya bakuli. Akamtazama bibi kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Shoga," akasema, "waumwa?"

Yule kijana ndani ya redio akawa anapiga kelele kwamba hataki.

Bibi alifungua mdomo. Nilijua alikuwa ameandaa jibu, maana nilimwona akiliandaa, lakini jibu lile lilikuwa la swali jingine.

"Nimesikia," yule shoga akaendelea, "nikajiambia, huyu namjua, huyu hawezi kukiweka kitu hiki akiwa na akili zake. Homa imempanda kichwani. Nimeacha wali motoni."

"Si leo," bibi akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilikuwa naumwa. Mwezi uliopita. Siku za lile bakuli."

"Mwezi uliopita! Mbona hukunambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi nawe umeniletea bakuli kavu kama kiganja?"

"Sikuleta mimi! Mimi nimelala hata kuswali naswali kwa macho!"

"Na aliyekupikia uji nani?"

"Hakuna aliyenipikia uji!"

"Yarabi! Umekaa na homa, nami niko hapa, hapa, na uji hukunywa?" Hapo yule shoga akaanza kulia, bibi akaanza kulia, huku kila mmoja akiendelea kumlaumu mwenziwe, na redio ikiwazidi wote. Wakanigeukia kwa pamoja.

"Zima dude hilo!"

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana. Nikazima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu. Bajia zilikuwa zimeungua kuwa makaa, na hakuna aliyejali. Walikaa kizingitini wakahesabiana yote waliyokosa kuambiana, nani kazaa, nani kaposwa, nani kakataliwa, na kila dakika chache mmoja wao akimwigiza yule kijana wa Ulaya, "hataki, hataki," wakaangukiana kwa kicheko. Mimi walinisahau. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, watu wakaenda na kurudi. Nikaitoa kanda kwenye redio, nikatia mfuko begani. Nikakadiria nikitembea kwa kasi nitafika Feri jua likiwa bado lina mkono mmoja wa kushuka. Mjomba angekuwa anafunga kazi. Asingesema neno. Angeninyooshea spana tu.

"Bi, mimi nimeaga," nikasema.

"Wenda wapi?" akauliza bibi.

"Sijui. Nafikiri Likoni."

"Wafikiri! Mtu hajui alalapo?"

Basi wakaanza kunihoji, mmoja kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia. Mtoto wa nani? Mamangu mtu wa wapi? Mjomba yupi, yule wa baiskeli karibu na msikiti, au mwingine? Nani anijuaye hapa mjini? Hapo nikakwama. Nikawaambia hakuna. Bibi na shoga yake wakatazamana. Nilijua maana yake. Mji wa Kale hauna shida ya vyumba, una shida ya watu wasio na wa kuwasemea. Mgeni bila mdhamini hupewa maji ya kunywa na kheri za safari.

Mzee wa kanzu alikuwa amerudi kutoka msikitini, akakuta mkewe na jirani yake wamekaa pamoja. Akapita katikati yao taratibu bila kuuliza, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala.

"Huyu ndiye wa mashine?" akasema aliponiona.

"Ndiye," akasema mkewe. "Hana pa kulala. Wala hana anayemjua."

"Hana anayemjua?" Mzee akacheka. "Nimekuwa msikitini, hadithi ni yeye tu. Imamu keshaniuliza kama ni jenereta. Kutoka hapa mpaka ngome hakuna asiyemjua."

"Hatumjui tabia," akasema bibi, lakini alikuwa ananitetea kwa kunipinga.

"Mwizi haji na tarumbeta, mama," mzee akasema. "Mwizi ninayemwogopa ni yule nisiyemsikia. Huyu tutamsikia." Akanigeukia. "Kubeba wajua?"

"Najua."

"Bi huyu magunia yake ya makaa ayavuta mwenyewe, na mimi dukani mgongo umekwisha. Ukibeba huku na huku, kodi haitatushinda kuzungumza."

Wakanipa sharti moja: kanda ile isichezwe tena mtaani, leo wala kesho. Nikakubali upesi mno hata wakanishuku. Bibi akaitaka aitazame. Akaichungulia matundu yake mawili ya juu, yale yanayozuia kanda isirekodiwe.

"Mkanda wenyewe ni mzuri," akamwambia shoga yake kitaalamu. "Kilichomo ndicho kibovu. Tukiziba hapa kwa karatasi, twarekodi."

"Ile yangu ya wiki hii wataka?" akauliza yule shoga kwa haya kidogo.

"Naitaka. Nzuri sana. Imenichoma mpaka nikaikosea chumvi bajia."

Nikawaachia.

Mzee alitangulia, akafungua mlango mdogo wa upande wa nyumba yake. Ilikuwa sabule, chumba cha mbele cha wageni wanaume, kina mlango wake unaotokea nje ili mgeni aingie na kutoka bila kuisumbua nyumba. Kilikuwa hakijalaliwa tangu mwanawe aende Arabuni kutafuta kazi. Boriti juu, zulia lililokunjwa, kitanda cha kamba, na dirisha la nondo lililo karibu sana na njia kiasi kwamba mpitaji angeweza kunipa mkono. Akanionyesha mtungi wa maji ulipo na pa kuning'iniza shati. Nje, maghribi ilikuwa inaingia. Ng'ambo ya maji kuna mtu alikuwa anakusanya spana zake, nami sikuwepo.

Mkewe akaja akasimama kizingitini bila kuingia, akanipitishia mto na sahani ya wali ulioshika chini.

"Wakoroma?" akaniuliza.

"Sijui, Bi. Sijawahi kujisikia."

"Hapa utajua," akasema. "Utaambiwa kesho na mtaa mzima."

Akaenda. Nikala wali ule wote, ukoko na yote, nikajilaza kwa ubavu, kwa sababu nimesikia kwamba alalaye kwa ubavu hakoromi sana.